Sauti ya Haru

Jumatatu, 1 Novemba 1976. Kasulu

Leo natimiza miaka miwili tangu niletwe hapa kutoka Mbinga kuwa mkunga wa kituo cha afya. Daftari hili limetoka stoo. Kurasa zake zimechapwa kombo, na mganga mkuu wa kituo hakulitaka kwa kazi za ofisi, basi nimelichukua mimi. Mvua zimeshika. Mtu anayeishi chumba kimoja uani kwa watu, na mvua inaanza saa nane mchana kila siku, lazima apate kitu cha kufanya na mikono.

Ombi langu la uhamisho kurudi kusini bado liko Kigoma, au liko Dar es Salaam, au kuna mtu amelitumia kufungia vitumbua.

Jumatano, 3 Novemba

Watoto wawili, wote wa kike. Mvua.

Jumamosi, 6 Novemba

Mama mwenye nyumba wangu, Bi Mwanaamina, amenigongea mlango asubuhi akicheka. Yeye ni mtu wa Pangani, aliolewa huku na Mzee Hilali mwenye duka, na mpaka leo anaona kila kitu cha Kasulu ni cha ajabu. "Njoo umwone Mjapani wetu, mwanangu. Amepata mzigo kwao, anaruka kama mtoto."

Mjapani wetu ni Bwana Mori, fundi wa pampu za maji, kijana wa miaka ishirini na sita aliyekuja kujitolea. Chumba chake kinatazamana na changu. Kiswahili alikisoma kitabuni kabla hajaja, kwa hiyo anasema vizuri kuliko sisi wote, ila polepole, kama anayevuka daraja la mti mmoja.

Mzigo umetoka kwa mama yake. Ndani mlikuwa na mikanda miwili ya filamu, midogo, ya kutosha kiganjani. Anasema kwao filamu fupi kama hizi huuzwa madukani, mtu ananunua na kwenda kutazama nyumbani na watu wake, kama sisi tunavyonunua santuri. Mashine ya kuonyeshea alikuja nayo tangu mwanzo, ndogo kama cherehani ya mkono.

"Ni hadithi ya mapenzi," alisema, masikio yakawa mekundu. "Picha zake zimechorwa. Je, watu wa Kasulu watapenda?"

Bi Mwanaamina akamjibu kwamba hajui mahali watu wasipopenda hadithi ya mapenzi.

Jumanne, 9 Novemba

Mtoto mmoja wa kiume, kilo nne. Mama yake ananifika begani.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimejiaibisha mbele ya mji mzima. Nitaandika yote.

Filamu imeonyeshwa katika ghala la kahawa, lile ambalo tangu ushirika uvunjwe halina kitu ila panya. Madirisha yalizibwa kwa magunia, kukawa giza saa tisa mchana. Mzee Hilali alitoa jenereta ya dukani na kukaa karibu nayo mwenyewe, asiiguse mtu. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani. Watu walijaa mpaka mlangoni, akina mama mbele chini, wanaume nyuma.

Picha zimechorwa kweli, lakini zinatembea. Ni mji wenye mvua nyingi. Kijana mmoja anatengeneza miavuli ya karatasi. Jina lake ni refu, watu walilikata likabaki Seki. Msichana anafua vitambaa vya rangi mtoni, naye ni Haru. Kila mwaka mvua zikianza, Haru huleta mwavuli wake utengenezwe. Kila mwaka Seki huutengeneza, humtazama, na hasemi neno. Hatimaye msichana anapelekwa mji mkuu kufanya kazi ya vitambaa. Seki anakimbia mpaka kivukoni, anampa mwavuli mpya alioupaka rangi kwa miaka yote hiyo, na bado hasemi neno. Chombo kinaondoka. Mvua hakuna, jua linawaka, na Haru akiwa katikati ya mto anaufungua ule mwavuli. Imekwisha. Dakika ishirini.

Sasa, watu wa kwenye picha wanasema Kijapani. Ilibidi apatikane mtu wa kusimulia, na mtu huyo akawa Mwalimu Pasikali wa shule ya msingi. Ni Muha wa hapa hapa, umri kama miaka arobaini, mrefu, alifiwa na mke mwaka wa sabini na tatu na anaishi na mama yake. Namjua kwa sauti tu. Hakuna mkutano Kasulu asiosimama kusema. Alisimama kando ya shuka na fimbo yake, akasimulia kwa Kiswahili halafu kwa Kiha, na kila Haru alipofungua mdomo, Mwalimu alipandisha sauti juu kama filimbi: "Ewe ua la moyo wangu! Usiku silali, mchana sili, kwa ajili yako!"

Na yule msichana kwenye picha ameshika tu mwavuli uliovunjika.

Nikacheka. Sikukusudia. Nilicheka kwa nguvu, jinsi ninavyocheka na wauguzi wenzangu, na ghala lote likageuka.

"Nani anacheka?" Mwalimu aliuliza kwa sauti ya darasani.

"Mimi."

"Bibi mkunga, kuna la kuchekesha?"

Ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeshasimama. "Huyo dada hajasema hivyo, Mwalimu. Tazama mikono yake. Anauliza mwavuli utakuwa tayari lini."

Bwana Mori akaruka nyuma ya mashine. "Ndiyo! Ni kweli! Ameuliza hivyo hivyo!"

Watu walipiga makofi, wengine waliangua vicheko, na Mwalimu Pasikali akamaliza hadithi kwa sauti kavu bila kunitazama. Nimerudi na mvua kichwani. Bi Mwanaamina ananiambia sijafanya kosa. Najua nimefanya.

Jumapili, 14 Novemba

Kanisani alikaa mbele yangu. Kisogo chake chote kilikuwa kimenuna.

Alhamisi, 18 Novemba

Amekuja kituoni! Nilidhani amekuja kunigombeza. Alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi.

"Bibi Veronica. Mwakeye."

Nikamwitikia salamu yake ya Kiha, ninayoijua vibaya.

"Nimefikiri siku tano," akasema. "Mimi sijui mwanamke anasemaje akiwa hasemi kitu. Wewe unajua. Jumamosi njoo umseme Haru. Mimi nitabaki na wengine."

Nikamwambia mimi si mtu wa kusimama mbele za watu.

"Juzi ulisimama," alisema.

Jumamosi, 20 Novemba

Mvua ilipiga mabati kama mtu anamwaga kokoto. Tulisimama kila mmoja upande wake wa shuka, yeye kulia, mimi kushoto, tukipiga kelele ili tusikike. Niliogopa. Kisha Haru akaingia dukani kwa Seki, akaukung'uta mwavuli, nikajisikia nasema: "Umevunjika tena. Nimeanguka nao." Hivyo tu. Jinsi wanavyosema akina mama wakija kituoni na jambo kubwa na wanataja dogo.

Akina mama wa mbele wakaitikia kwa Kiha, "Ego!" Ndiyo! Waliokaa nyuma hawakusikia kwa mvua, basi maneno yangu yakapitishwa kwa Kiha kutoka mdomo hadi mdomo mpaka mlangoni, na kicheko kikarudi mbele kikiwa kimechelewa.

Bwana Mori anasema zamani kwao, filamu zilipokuwa hazina sauti, walikuwapo watu wa kazi hiyo hiyo, na walisifiwa kuliko waigizaji.

Jumanne, 23 Novemba

Mmoja wa kike. Mama yake amemwita Haru. Padre atasema nini, sijui.

Jumamosi, 27 Novemba

Watu wanaijua filamu yote sasa na bado wanakuja. Leo kwenye kivuko wanaume wa nyuma walipiga kelele, "Sema, bwana! Sema!" Bi Mwanaamina aliuliza kwa sauti kama Seki ana ulimi au alizaliwa bila. Wote walimgeukia Mwalimu ili amtie Seki maneno mdomoni. Alikataa.

"Kwenye picha mdomo wake umefungwa," alisema. "Siwezi kuufungua mimi."

Baadaye tulipokuwa tunatoa magunia tulibishana kuhusu mwisho. Yeye anasema Haru anafungua mwavuli kuaga. Mimi nasema anafungua ili amwonyeshe Seki kwamba amekubali, amfuate. Tukamuuliza Bwana Mori.

"Sijui," akasema. "Kwetu pia wanabishana. Mama yangu na dada yangu hawajapatana."

Jumamosi, 11 Desemba

Shule zimefungwa. Mwalimu sasa anakuja mapema ghalani, tunafagia. Anasema mambo mengi, mengine ya maana. Amenifundisha kusema kwa Kiha "sukuma" na "pumua," kwa ajili ya kazi yangu. Miaka miwili nimekuwa nikiwasukumisha wanawake kwa Kiswahili ambacho, ukiwa na uchungu, huwezi kukielewa.

Jumamosi, 25 Desemba

Noeli. Mama yake Mwalimu, Bibi Esteri, ameniletea bakuli la maharage yaliyoungwa kwa mawese na ndizi za kupika. Mzee mdogo, mkavu, macho makali. Alikagua chumba changu chote bila kuficha. Mvua ndogo.

Jumatano, 5 Januari 1977

Watoto watatu leo, mmoja hakulia. Nimemfunika mwenyewe. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 15 Januari

Naandika nikiwa nimekauka, jambo ambalo mchana sikulitegemea.

Katikati ya mkanda wa kwanza, mwanamke mmoja aitwaye Ernesta alishika mkono wangu. Mimba ya kwanza, mwezi wake. Alikuwa ameketi kwenye maji yake mwenyewe na hakutaka kutoka, alitaka kuona mwisho. Nilimpima pale nyuma ya magunia. Mtoto alikuwa amelala kitako, na mguu mmoja umetangulia. Kituo chetu hakina daktari wa kupasua. Nikamwambia Bwana Mori zima mashine, lete gari lako la kazi, twende Kabanga, hospitali ya misheni.

Kabanga si mbali. Lakini mvua ya leo ilikuwa imeshachukua kipande cha barabara bondeni, maji mekundu yanapita juu, na hujui chini kuna changarawe au kuna shimo. Bwana Mori alisimamisha Landrover. Mimi nilikuwa nyuma nimemshika Ernesta kiunoni, mume wake analia. Nilisema hatuwezi kusubiri.

Mwalimu Pasikali, aliyekaa mbele na Bwana Mori, akavua viatu. Akashuka, akaingia kwenye maji na ile fimbo ya kuonyeshea picha, akawa anapima chini, hatua moja, anatupungia, hatua moja, anatupungia. Maji yalimfika mapajani. Mara moja aliteleza akazama mpaka kifuani, akainuka, fimbo bado mkononi. Gari lilimfuata kama ng'ombe anayefuata mchungaji. Baada ya pale alitembea mbele yetu mpaka mlima ulipoanza, karibu saa nzima, mvua inampiga, na kwa muda wote huo hakusema neno hata moja.

Mimi sikujua kwamba anaweza kunyamaza.

Mtoto ametolewa salama saa kumi na mbili jioni. Wa kiume. Ernesta alipozinduka aliniuliza kama Seki leo amesema.

Jumapili, 16 Januari

Mwalimu ana homa. Nimempelekea dawa. Bibi Esteri alinipa kigoda, akaniambia mwanawe tangu utotoni hajui kuingia kwenye maji polepole.

Alhamisi, 20 Januari

Homa imeshuka. Anaongea tena. Nimejishangaa kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 5 Februari

Chama kipya cha nchi kimezaliwa leo, vile viwili vya zamani vimeungana. Ghala limechukuliwa kwa mkutano, kwa hiyo hakuna filamu. Nilisimama kwenye sherehe na kanga yangu mpya. Nilikuwa natafuta kofia fulani katikati ya kofia mia tatu. Niliiona. Nikaenda upande mwingine haraka.

Veronica, una miaka thelathini na minne.

Jumanne, 15 Februari

Tumeitwa Kibondo. Habari zimefika huko, wanataka filamu na wanataka "wale wawili wanaosema." Tunaondoka Ijumaa na gari la Bwana Mori. Mganga amenipa ruhusa ya siku tatu.

Jumatatu, 21 Februari

Nimerudi. Nina mambo ya siku tatu ya kuandika na sijui kama nitayaandika sawasawa.

Barabara ya Kibondo ilikuwa tope mwanzo mpaka mwisho. Tulisukuma mara nne. Mwalimu alikuwa mchangamfu, aliimba nyimbo za seminari ya utotoni mwake na Bwana Mori alimfuata kwa kupiga usukani. Nilicheka njia nzima.

Jumamosi mchana tulionyesha kwenye ukumbi karibu na soko. Walikuja akina mama na watoto migongoni, wauguzi, makarani wa ofisini, mpaka wenye maduka walifunga. Mkanda wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulifika kivukoni. Seki anakimbia na mwavuli kwapani, Haru anageuka, na uso wake ukajaa shuka nzima. Hapo mashine ikakwama. Mkanda ulisimama mbele ya taa, na taa ile ni kali. Tukaona doa la kahawia linaanza kwenye shavu la Haru, linapanuka, linakula jicho, linakula mdomo, kisha shuka ikabaki nyeupe na moshi ukapanda.

Watu walipiga kelele kama nyumba inaungua. Bwana Mori alipuliza, akachomoa, akaunguza vidole. Aliinua uso na nikaona machozi. "Samahani," akawaambia watu wote. "Samahani sana. Imeharibika."

Hawakuondoka. Mama mmoja wa mbele akasema, "Lakini ninyi mnaijua. Semeni."

Basi tukasema. Bila picha, mbele ya shuka nyeupe, Mwalimu kulia, mimi kushoto. Akaeleza kivuko, mto, watu wanaopanda. Mimi nikamsema Haru: "Umekuja. Nilidhani mvua imekuzuia." Akaeleza Seki anatoa mwavuli. Hapo ndipo siku zote hunyamaza, nami huhesabu moyoni mpaka kumi, kisha chombo kinaondoka.

Nilifika saba.

"Haru," akasema. "Usiende."

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo. Haikuwa ya darasani wala ya mkutanoni. Na hakuwa anaitazama shuka wala watu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Miaka yote hii nimekuwa nikitengeneza kitu kilichovunjika ili urudi nacho. Usiende."

Ilikuwa zamu yangu. Watu walingoja. Nilifungua mdomo na Haru hakuwamo. Nikatoka nje, nikasimama barazani kati ya magunia ya maharage ya watu wa sokoni, na nyuma yangu nikasikia ukumbi unalipuka kwa vigelegele, wakidhani ndivyo hadithi inavyokwisha.

Jana njia nzima ya kurudi Bwana Mori peke yake aliongea, kwa Kiswahili chake kizuri, kuhusu kuunga mkanda kwa gundi. Tulipokwama karibu na mto, Mwalimu alishuka kusukuma, nami nikashuka. Tulipokuwa bega kwa bega nyuma ya gari nilimwuliza: "Yale uliyosema jana, alisema nani?"

Akapangusa tope usoni. "Seki."

"Basi Haru amesikia," nikasema. "Mimi sijaambiwa kitu."

Nilikuwa nimekasirika na bado nimekasirika. Mtu mzima, mwalimu, aseme neno kubwa namna ile kwa jina la kijana wa kuchorwa, mbele ya Kibondo nzima, halafu ajifiche humo humo!

Jumatano, 23 Februari

Mtoto mmoja. Mvua.

Jumamosi, 26 Februari

Hakuna filamu. Bwana Mori anaunga mkanda. Mwalimu hajaonekana.

Jumatatu, 28 Februari

Barua imefika. Uhamisho wangu umekubaliwa. Niripoti Songea kabla ya tarehe 20 Aprili.

Miaka miwili nimeingoja barua hii. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, halafu nimeiweka chini ya mto. Bi Mwanaamina amelia kwanza, mimi nikamfuata.

Ijumaa, 4 Machi

Mji mzima unajua. Akina mama wanaleta mayai ya kuniaga.

Jumatano, 9 Machi

Jumatano ni siku ya wajawazito. Walikuwa kama hamsini, wamepanga foleni kutoka kwenye mizani mpaka nje kwenye ukuta, kadi mkononi. Ninapima, naandika, nasema "anayefuata" bila kuinua kichwa.

"Anayefuata."

Kicheko kidogo, kisha kikubwa. Nikainua kichwa. Mwalimu Pasikali alikuwa amesimama mbele ya mizani, katika zamu yake, shati limepigwa pasi. Baadaye niliambiwa alipanga foleni tangu saa mbili, na kila aliyejaribu kumpisha alimkatalia.

"Mwalimu," nikasema, "umekosea mlango."

"Sijakosea." Aliweka mikono nyuma. "Mimi ni Pasikali, mwana wa Esteri. Si mtu wa kwenye picha. Ulisema hujaambiwa kitu. Nimekuja kukuambia."

Foleni yote ikasogea. Hata yule niliyekuwa nimempima alirudi.

"Nakupenda. Usiku nalala vizuri tu, na mchana nakula, mama yangu ni shahidi. Lakini Jumamosi ikiwa mbali naona wiki ni ndefu. Nataka nikuoe, ukikubali. Ni hayo."

Mwanamke mmoja mwenye mimba ya miezi tisa alipiga kigelegele cha nguvu hata nikaogopa atajifungulia palepale. Wote wakamfuata. Mganga alitoka ofisini na miwani kwenye paji la uso.

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu. Niliiweka mezani, nikamwambia kweli: "Ombi la kuondoka niliandika mimi mwenyewe, Pasikali. Mama yangu ni mzee, na kila barua ananiita. Sitamdanganya."

"Sikuombi umdanganye. Mwandikie, umwambie nipo. Akisema njoo, nitakubebea sanduku mpaka stesheni Kigoma, na nitaomba uhamisho nikufuate. Kwenu kuna shule?"

"Zipo."

"Basi," akasema. Akashusha pumzi, akatazama mizani, akatazama wanawake. "Samahanini, nimewachelewesha." Akaondoka akigongana na mlango.

Ndiyo mara ya kwanza nimemwita Pasikali tupu.

Alhamisi, 10 Machi

Nimemwandikia mama. Barua hukaa njiani wiki mbili kwenda na mbili kurudi, mvua zikiruhusu. Nimehesabu siku mpaka tarehe 20 Aprili na hazitoshi vizuri.

Jumamosi, 19 Machi

Filamu ya mwisho, Bwana Mori anarudi kwao Jumatano. Mkanda ameuunga, ila pale kivukoni pamepungua. Seki anatoa mwavuli na mara Haru yuko katikati ya mto. Nusu dakika imekatwa. Hakuna aliyelalamika. Mimi na Pasikali tuliijaza kwa maneno, kidogo ya kwake, kidogo ya kwangu, na nilicheka katikati na yeye akacheka.

Bwana Mori alitaka kutuachia mikanda. Tumekataa. Mama yake alimtumia yeye.

Jumatano, 23 Machi

Ameondoka. Bi Mwanaamina amempa kikapu cha vitumbua kama mtu anayekwenda vitani. Ua umekuwa mkubwa.

Jumanne, 29 Machi

Lori la posta halijaja. Barabara imekatika.

Ijumaa, 1 Aprili

Lori halijaja.

Jumatatu, 4 Aprili

Lori limekuja. Barua za watu wengine.

Pasikali amenikuta nafungasha vyombo. Alikaa chini akaanza kufunga vikombe kwa magazeti, kimoja kimoja, taratibu.

Alhamisi, 7 Aprili

Imefika. Ni mwandiko wa katekista wetu wa Mbinga, lakini maneno ni ya mama, naisikia sauti yake ndani. Nainakili, isije ikapotea.

"Mwanangu Veronica, nimesomewa barua yako mara tatu. Mimi mzima, miguu ndiyo inauma. Kaka zako wako hapa na wake zao, nyumba imejaa kelele. Sikukuita uje kunitunza. Nilikuita kwa sababu kila jioni nikiwagawia chakula hapa nilikuwa nakuona wewe huko unakula peke yako. Kama una mtu, kaa. Ila mlete nimwone. Na umwambie huku kwetu mkwe haongei sana siku ya kwanza."

Nilikwenda shuleni na gauni la kazi. Alikuwa anafundisha hesabu. Nilisimama mlangoni nikainua barua juu, nikainamisha kichwa kukubali, na darasa zima la tano likamtazama mwalimu wao akiweka chaki mezani, akikaa kwenye kiti na kufunika uso kwa mikono miwili.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Nimekula kwa Bibi Esteri. Tulikuwa watu tisa kwenye mkeka. Pasikali alianza kunieleza habari za ukoo wao tangu babu wa babu, na mama yake akamwambia anyamaze, anataka kusikia habari za Mbinga. Nikasimulia mimi. Nilisimulia mpaka ugali ukaisha. Shule zikifungwa mwezi wa sita tutasafiri wote watatu, Bibi Esteri amesema hawezi kuachwa.

Jioni nimeandika barua mbili. Ya kwanza kwa serikali, kuomba uhamisho ufutwe, mistari minne. Ya pili kwa mama. Nimefika ukurasa wa sita, na bado sijamweleza jinsi Pasikali anavyocheka.